Mdomo wa Pili si Hewa ya Pili

Tangu Alhamisi Shifaza alikuwa akisimama kusikiliza kila alipopita karibu na komprisa ya kujazia mitungi ya hewa. Hakumwambia mtu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na tatu, ana kovu la tumbawe kwenye kiwiko, na kisiwa kizima kilimjua kuwa ndiye anayewazamisha wageni na kuwarudisha. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na moja. Kabla ya hapo alikuwa akifua mashuka kwenye nyumba ya wageni, na siku aliyoomba kufundishwa kuzamia, wanaume wa gatini walimwuliza kama huko chini kuna nguo chafu. Aliwajibu kuwa akizikuta atawaletea zao. Mume alimwacha, akabaki na binti yake Ziyadha na mama yake, na wote watatu wanakula kwa pumzi zake.

Sasa hiyo Alhamisi. Kisiwani kuna desturi ambayo haikuandikwa popote. Wageni huvuta hewa kwa pupa, viongozi huvuta kidogo kidogo. Geji ya mgeni, inayoonyesha hewa iliyobaki mtungini, ikishuka kutoka mia mbili hadi hamsini, kiongozi huchomoa mdomo wa akiba wa kuvutia hewa, wenye bomba la manjano, ule ambao wazamiaji wanauita pweza, akampa. Mgeni anavuta kutoka kwenye mtungi wa kiongozi, anaangalia papa dakika kumi zaidi, kisha anarudi kwenye hewa yake kwa ajili ya kupanda. Mgeni anafurahi, anarudi mwakani na shemeji zake. Kiongozi asiyegawa hewa anaitwa mchoyo.

Alhamisi, kwenye mlango wa bahari wa Bodukandu, mita ishirini na saba chini, Shifaza alimpa pweza Mjerumani mmoja mnene anayeitwa Jörg. Wakavuta pamoja, kwa wakati mmoja, na hewa ikachelewa. Haikuchelewa sana. Ilikuwa kama mlango uliokwama kidogo kabla ya kufunguka. Ikaja, wakapanda salama, Jörg akapiga picha na kila mtu. Lakini Shifaza alikuwa ameelewa jambo ambalo miaka kumi na moja lilikuwa limekaa mbele ya macho yake: pweza ni mdomo wa pili, si hewa ya pili. Vinywa viwili, mtungi mmoja.

Jumatatu Jörg akataka kurudi Bodukandu, na akataka kwenda na Shifaza.

Asubuhi Shifaza alimfuata bosi wake, Waheed, stoo.

"Bosi, ule mtungi mdogo nauomba leo."

Waheed hakugeuka. Alikuwa anapaka mafuta raba za mitungi. "Wa nini? Una mimba, unapumulia wawili?"

"Nazamia na Jörg. Ni hivyo hivyo."

"Pweza si unaye?"

"Pweza ananyonya kwangu. Yangu ikiisha, na yeye kwisha."

"Yako haijawahi kuisha."

"Ndiyo maana sijui itakuwaje."

Waheed akageuka. Hakuwa mtu mbaya. Alianza na boti moja ya kuazima, na kila mgeni aliyeondoka bila kutabasamu alimkosesha usingizi. "Sikiliza, Shifa. Mgeni akiona mtungi wa pili ataanza kujiuliza wa kwanza una nini. Chukua, sikukatazi. Lakini ufunge mgongoni, nyuma ya mkubwa. Usionekane."

Akaufunga mgongoni. Ulikuwa mtungi mfupi wa lita tatu, wenye mdomo wake na geji yake, rangi imebanduka. Tatizo lake lilijulikana: mdomo ulikuwa unavuja, kwa hiyo koki ilibidi ifungwe mpaka wakati wa kutumia. Ukiiacha wazi, utaushika siku ya shida umeshakuwa chuma kitupu.

Kwenye boti alivaa vyombo vyake vyote, akapeleka mkono nyuma kuitafuta ile koki. Akapinda bega, akanyoosha vidole. Akapungukiwa kama upana wa vidole vinne. Akajaribu mkono wa pili, akapungukiwa zaidi.

Yaanish, kiongozi mwenzake, alikuwa amekaa pembeni anatafuna popoo. Yeye angewachukua wageni wengine watatu. "Dhaththa unajikuna nini?" akamwuliza. Yaanish ni mdogo kwake kwa miaka tisa, na kwao dada mkubwa huitwa hivyo hata kama hamkuzaliwa nyumba moja.

"Siifikii."

"Basi iache wazi."

"Itavuja."

"Basi iache nyumbani." Akatema popoo baharini. "Mimi nina pweza na Mungu."

"Mungu hakukwambia ugawe hewa yako ili mtu aone papa."

Yaanish akacheka. Shifaza akavua mtungi mdogo mgongoni. Alijua Waheed, aliye kwenye usukani, anamtazama. Akauning'iniza ubavuni kushoto kwa ndoano mbili, koki ikamkaa chini ya kifua, mdomo wa mtungi huo akaufunga kwa raba chini ya kidevu chake. Akagusa koki bila kuangalia. Akagusa tena.

"Unafanana na mtu wa zimamoto," Yaanish akasema.

Jörg akauona na kuuliza kama amebebewa yeye.

"Hapana," Shifaza akajibu. "Wangu."

Wakashuka. Maji yalikuwa yanaingia mlangoni kwa nguvu, na kwenye ukingo wa mwamba, mita ishirini na nane, wakachomeka ndoano zao zenye kamba kwenye tumbawe lililokufa, wakapepea kama bendera. Papa walikuwepo, kumi na zaidi, wamesimama kwenye mkondo hawajitikisi. Jörg alivuta hewa kama mtu anayepanda ngazi na gunia.

Dakika ya kumi na tisa akamwonyesha ngumi: hamsini. Shifaza alikuwa na mia na kumi.

Alikuwa ameshaamua tangu asubuhi kwamba ikifika hapo wanapanda. Lakini mazoea yana tabu. Kabla akili haijasema lolote, mkono wake wa kulia ulikuwa umeshachomoa pweza na kumpa, na Jörg alikuwa ameshatema mdomo wake na kuukamata wa manjano kwa meno yote. Shifaza akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Akamwonyesha kidole gumba: juu. Wakang'oa ndoano. Na hapo maji yakabadilika. Mkondo ulipopiga kona ya mwamba ulikuwa unatumbukia chini, na mapovu yao, badala ya kupanda, yakawapita usoni yakielekea miguuni.

Mita thelathini. Thelathini na mbili. Masikio yakambana. Jörg akaanza kupiga mateke, macho yamejaa miwani yote, ameukumbatia mkono wa Shifaza kama nguzo. Shifaza akamwonyesha kwa kidole mdomo wa Jörg mwenyewe, ule unaoelea nyuma ya bega lake, mtungi wake bado una hamsini. Jörg akatikisa kichwa. Aliyeshika hewa haachi hewa aliyoishika. Alivuta, na Shifaza akavuta, na ile Alhamisi ikarudi: hewa ikachelewa. Akatazama geji. Arobaini. Alipotazama tena, thelathini.

Akashusha mkono wa kushoto chini ya kifua. Koki ilikuwa pale pale. Akaizungusha mara mbili, akasikia mtungi mdogo ukishtuka ubavuni. Akatema mdomo wa mtungi mkubwa. Kwa muda wa mapigo mawili ya moyo hakuwa na kitu kinywani isipokuwa chumvi. Kisha akaukamata ule wa chini ya kidevu, akapuliza maji, akavuta. Hewa ikaja papo hapo, baridi, yote yake peke yake.

Mtungi mkubwa sasa ulikuwa wa Jörg tu, japo ulikuwa mgongoni kwake yeye. Kwenye ule mdogo Shifaza alikuwa na dakika kumi hivi za hewa, na alijua kuzitumia. Akamshika Jörg kwa mkanda wa jaketi, akaacha kupigana na maji yanayoshuka, akapiga mapezi kwenda ubavuni, mbali na mwamba, kwenye bluu tupu. Mapovu yakayumba. Yakasimama. Halafu, taratibu, yakaanza kupanda, na wao wakapanda nayo. Walipofika mita tano walisubiri dakika tatu, kama inavyotakiwa wakati wa kupanda, na hapo tu Jörg akakubali kurudi kwenye mdomo wake.

Botini Jörg alitapika, akafuta ndevu, akasema hajawahi kuona papa wengi namna ile. Hakujua hewa ilikuwa imebaki kiasi gani. Waheed alijua. Alikuwa ameinua mtungi mkubwa wa Shifaza na kuisoma geji: kumi na mbili.

"Kesho kuna wageni sita," akasema polepole.

"Nitaongoza. Lakini mgeni akifika sabini tunapanda. Na sigawi tena hewa kwa ajili ya papa."

"Sitini."

"Sabini, bosi."

"Watasema tumekuwa wachoyo."

"Waseme wakiwa hai."

Waheed akauweka mtungi chini taratibu. Akaangalia mwamba, akamwangalia Yaanish, akarudi kwa Shifaza. "Sabini," akasema. "Na Yaanish naye. Mitungi midogo mingine nitauliza mjini Male'."

Alasiri, maji yakiwa kupwa, Shifaza alisimama gatini maji yakimfika kifuani, amevaa vyombo vyote. Kilichomtisha zaidi hakikuwa mkondo. Ulikuwa ule mkono wake, uliogawa hewa bila kumwuliza. Yaanish alikaa juu ya ukuta miguu inaning'inia, akawa anampa ishara ya ngumi wakati asioutarajia, katikati ya maneno, katikati ya kicheko, na kazi ya Shifaza ilikuwa kuinua gumba, basi, na kushika koki.

"Dhaththa, Ziyadha ameniambia unakoroma," Yaanish akasema, na papo hapo akakunja ngumi.

Mkono wa kulia ukaenda kwa pweza.

"Wa kulia tena," Yaanish akasema, safari hii bila mzaha.

"Nimeona," Shifaza akasema. Akaurudisha pweza mahali pake. "Endelea."