Magunia Matatu ya Darasa la Nne

Wanafunzi walimwita Mwalimu Mbio, naye alijua. Hilda Mwalongo hakuwa mtu wa kutembea. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umeikalia Makambako, ungemwona akiukata uwanja wa mpira na masweta yake mawili, moja juu ya jingine, chaki tayari mkononi, kana kwamba hesabu zingechacha akichelewa. Alizaliwa Yakobi, binti wa mwalimu, na tangu utotoni alipenda hesabu kama wenzake walivyopenda kuruka kamba.

Shule yake ilikuwa ya serikali, pembezoni mwa mji, na kila msimu ilipokea sura mpya. Walikuwapo watoto wa familia za zamani, ambao babu zao ndio waliofyatua matofali ya madarasa ya kwanza. Walikuwapo watoto wa Wakinga wenye maduka sokoni, watoto wa wapasua mbao waliohamia kutoka Kifanya, na wengine waliolelewa na bibi zao. Ila mwaka huo walioongezeka zaidi walikuwa watoto wa wakulima na wapakiaji wa viazi kutoka upande wa Wanging'ombe. Walijibana madawati ya nyuma, wakanong'ona Kibena wao kwa wao, na walimu wakawapa jina moja: wageni.

Kisha ukaja mtihani wa majaribio, upimaji wa taifa wa darasa la nne ukiwa umekaribia.

"Madam Hilda, njoo uone maajabu," aliita Mwalimu Bonaventura, mwalimu mkuu, karatasi zimemjaa mezani. "Swali la tisa. Jibu ni mia tatu. Wageni wako karibu wote wameandika mia nne na ishirini. Watu wanakosaje namna moja? Wameangaliziana hawa!"

"Si wangemwangalizia anayejua, jamani?" alidakia Mwalimu Edward, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

Mwalimu mkuu hakucheka. "Jumatatu wanarudi darasa la tatu. Wastani wa shule siwezi kuuzika kwa ajili ya watoto waliokuja juzi."

Ndiyo kwanza watoto wale walikuwa wameanza kunyoosha mikono. Ukiwarudisha nyuma leo, nusu yao kesho wataishia shambani na hutawaona tena.

"Nipe leo tu, mwalimu mkuu."

"Haya. Mpaka kengele ya kutoka."

Alitoka mbio. Alipofika darasani hakugomba. Aliliandika swali lenyewe ubaoni: *Gunia moja hubeba kilo 100. Baba amepakia magunia matatu ya viazi kwenye lori. Lori limebeba kilo ngapi?*

"Walioandika mia nne na ishirini ni nani?"

Mikono yote ilijificha chini ya madawati. Hilda akamsogelea Pendo, binti wa mpakiaji viazi, aliyekuwa ameinamia daftari lake.

"Pendo, mama, sikugombi. Nataka unifundishe tu. Umeipataje?"

Pendo alisimama nusu. "Gunia ni mia, Madam. Lakini hujaweka lumbesa."

"Lumbesa imeingiaje hapa?"

"Si ile nundu ya juu! Gunia likishajaa unaongeza debe mbili, ndiyo unashona. Debe ni kilo ishirini. Gunia lisilo na nundu tajiri anayenunua halichukui, Madam. Analiacha palepale!"

"Baba hapakii bila lumbesa!" alipaza sauti Justine, jirani yake.

"Hata kwetu!" "Kwetu pia!"

Madawati ya nyuma yalilipuka kama mahindi ya kukaanga. Hilda akaandika haraka ubaoni. Mia moja na arobaini kwa gunia, mara tatu: mia nne na ishirini! Nyumbani kwao Yakobi viazi vilinunuliwa kwa kindoo kidogo cha kupikia siku mbili. Gunia la shambani alikuwa akilipita tu barabarani. Kumbe watoto hawa walifanya hesabu ndefu kuliko iliyoulizwa, na hakuna aliyekosea kujumlisha.

Alicheka, akapiga makofi, akawaacha wanacheka, akakimbia ofisini.

"Mwalimu mkuu, wameongeza lumbesa! Twende, waulize mwenyewe, mmoja mmoja!"

Bonaventura alikuja akinung'unika, mikono nyuma. "Wewe, Justine. Magunia matano ya mahindi, kilo mia kila gunia."

"Mia tano, mwalimu."

"Mbona hukuongeza kitu?"

"Mahindi tunapima kwenye mizani, mwalimu. Lumbesa ni ya viazi."

Mwalimu mkuu alimtazama Hilda, kisha akamgeukia Pendo. "Na magunia matano ya viazi?"

Pendo alisita. "Ya kitabuni au ya kwetu, mwalimu?"

Bonaventura alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Kicheko kilimtoka mpaka akashika ukingo wa meza. Yeye mwenyewe alikua akimshikia mama yake magunia ya namna hiyo yakishonwa.

"Ya kitabuni!"

"Mia tano!"

"Ya kwenu!"

"Mia saba!" Sasa hata madawati ya mbele yalikuwa yakiitikia, na Hilda alijikuta akipiga kelele pamoja nao. Edward alichungulia dirishani kuona kuna nini.

"Kwenye upimaji ni ya kitabuni, mmenisikia?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

"Wabaki," alimwambia Hilda akitoka. "Lakini wakiniangusha, Madam, nitakujia wewe."

"Njoo tu, mwalimu mkuu!"

Alishageukia ubao, vumbi la chaki limemjaa kwenye sweta. Nyuma yake alisikia dawati likikwaruza sakafu. Pendo na Justine walikuwa wakiliburuta kuja mbele kabisa.

"Madam," alisema Pendo akihema, "sasa andika ngumu."