Turubai la Kutandika Chini

Wewe umewahi kulala juu ya maji? Shangazi yangu ameshona maturubai ya malori kwa miaka ishirini na sita. Tangu nyumba yao ibomolewe kupisha barabara, analala na mumewe katika hema dogo la kupigia kambi. Mtu anayefunika mizigo ya matajiri hana paa! Mumewe ni mgonjwa wa kifua, na daktari alionya kwamba unyevu utammaliza.

Jumamosi tulikwenda wote watatu dukani kutafuta turubai la kutandika chini ya hema. Shangazi alichagua lililo dogo kuliko sakafu ya hema kwa kiganja kimoja kila upande.

"Shangazi, acha ubahili," nikamwambia. "Chukua kubwa, lizidi pande zote."

"Likitokeza nje litakusanya maji ya mvua na kuyaleta chini yetu, baba."

"Hayo ni mambo ya malori. Mimi nimesoma."

Mumewe alicheka hadi akakohoa. "Mwachie msomi, mke wangu. Tulimsomesha wenyewe, acha tufaidi."

Shangazi akalirudisha lile dogo, tukanunua kubwa. Jioni nililitandaza kwa mikono yangu, kingo zikatokeza nje pande zote, nikajisifu.

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi nilifika mbio, nikakuta godoro limeegemezwa kwenye uzio, linachuruzika maji. Mumewe alikuwa amekaa juu ya ndoo, akihangaika kuvuta pumzi. Shangazi alikuwa amepiga magoti kwenye tope kando yake, akizikunja zile kingo kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa mgongoni mwa mumewe.