Kitabu cha Mpunga Kilichojaa Nyuki

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kikwembe kipya, nikidhani nitakaa mezani kama bibi mkubwa. Bibliothécaire en chef, mkuu wa maktaba ya chuo chetu hapa Bukavu, muzee mwembamba asiyependa kelele, alinipa kitambaa cha vumbi na sanduku la fiche. Fiche ni karatasi ndogo ngumu: mwandishi, jina la kitabu, na cote, yaani namba inayokuambia kitabu kinakaa rafu gani.

"Maman, fiche ni adresse," aliniambia. "Ukikosea adresse, mugeni analala inje."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Ninyi vijana mnabonyeza simu, majibu yanashuka. Wakati wetu mwanafunzi aliingia na kusema, "Maman, nipatie kitabu ya mémoire yangu," kama anayenunua sabuni. Kutafuta hakuna aliyemfundisha. Alichukua mémoire ya kaka yake, yaani tasnifu ya kumaliza chuo, akanakili orodha ya vitabu iliyo mwishoni, kazi imekwisha. Vitabu vyenyewe hakuvigusa hata kwa kidole. Niliwaita kasuku, nao wakaniita Maman Poussière, mama wa vumbi. Tulipendana hivyo hivyo.

Vita ya kwanza ilipofika mjini, bomu lilitoboa paa letu, na mnajua mvua ya Bukavu. Tulibeba vitabu kwa mabeseni. Vingi vilikuwa vimeachana na majalada yao, na kurasa za mwanzo zimeoza. Nikavishona mwenyewe kwa uzi wa bluu niliofumua kwenye mifuko, nikabandika kwa uji mzito wa muhogo. Masomo yalipoanza tena, Secrétaire Général Académique, msimamizi wa masomo yote ya chuo, alinisimamisha mbele ya walimu.

"Bila huyu mama, hatungekuwa na maktaba."

Weh, nilivimba kichwa! Wiki nzima nilipita mtaani Nyalukemba nikisalimia hata watu nisiowajua.

Miaka ikapita, vita nyingine ikaja, na chuo kikaendelea kufundisha katikati ya vita hivyo hivyo. Ndipo akaja Furaha, binti wa mkulima wa mpunga kutoka Sange. Huyo alisoma kitabu tangu mwanzo hadi mwisho, jambo lililonishangaza. Siku moja alinijia na kile kitabu cha mpunga wa bonde la Ruzizi, ambacho kila mémoire ya kilimo ilikitaja.

"Maman, hii kitabu, inje iko mupunga, lakini ndani iko nyuki tu."

Nilikuwa napiga muhuri vitabu, sikuinua hata macho. "Soma vizuri, mutoto."

Najionea haya hadi leo. Furaha alisoma vizuri, kisha akayaandika hayo kwenye mémoire yake: kitabu ambacho wote wanakitaja kinaeleza ufugaji wa nyuki, ukurasa hadi ukurasa.

Siku ya kutetea mémoire, rais wa jury, jopo la walimu wanaotahini, alikuwa Profesa wa kilimo, ambaye kitabu hicho kilikuwa ndani ya notes zake za darasani miaka yote. Akaagiza kiletwe. Nikakileta mwenyewe. Akakifungua mbele ya watu: mizinga, asali, malkia wa nyuki. Wanafunzi wakaangua kicheko. Macho ya Profesa yakawa mekundu.

"Mademoiselle, ni weye ulibadilisha hii couverture, hii jalada, ju ya kunifezehesha."

Akamwomba Secrétaire Général, aliyekuwa ameketi mbele, amfukuze chuoni. Furaha alikumbatia mémoire yake kifuani. Baba yake, aliyekuja kumsikiliza na kuketi nyuma kabisa ya ukumbi, hakusikia vizuri; aliuona tu uso wa mtoto wake, akamwuliza jirani, "Banasema nini?"

Mimi nilikuwa naangalia mgongo wa kitabu. Uzi wa bluu. Nikakumbuka ile jioni, risasi zikisikika upande wa mto, na vitabu viwili vya kipimo kimoja mikononi mwangu, nikivibandikia majalada bila kusoma hata mstari. Nilijua kwamba hakuna mwingine aliyejua.

"Professeur, uyo mutoto hakugusa kitu," nikasema. "Ni miye nilikosea."

Nikakimbia maktabani, nikarudi na kitabu chenye jalada la nyuki. Nikakifungua: mpunga, mifereji, mbegu za Ruzizi. Nikawaonyesha uzi, nikawaeleza uji wa muhogo. Secrétaire Général akamgeukia Furaha.

"Mémoires ngapi zinataja hii kitabu?"

"Nilihesabu vingt-trois, ishirini na tatu, Monsieur le Secrétaire."

"Vingt-trois! Na hakuna hata mumoja aliyefungua?"

Profesa alivua miwani, akaipangusa polepole.

"Na notes zangu," akasema. "Ongeza moja: vingt-quatre."

Hapo tulicheka wote, naye akicheka kuliko sisi. Furaha alipata distinction, alama za juu. Baba yake alinishika mikono miwili.

Jumatatu iliyofuata nilipewa saa moja kila wiki kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza namna ya kutafuta: nani amesema, yeye alijuaje, wewe umeona kwa macho yako au umesikia? Somo lilinoga mno, maana mji ulikuwa umejaa uvumi wa vita, na vijana wangu wakaanza kuwauliza hata wauza maneno wa sokoni maswali hayo hayo. Nilifundisha hivyo hadi nilipostaafu, na sijawahi kuchoka.

Watu wakinitembelea sasa, wananisifu kwa ule mwaka wa mabeseni. Nawashukuru, nawamiminia chai. Lakini ninachofurahia mimi ni ile dakika moja nilipofungua mdomo mbele ya jury. Ningenyamaza, wangeendelea kunisifu vilevile, na Furaha angerudi Sange na baba yake.