Anayehesabu Wadudu wa Kijito Ili Bintiye Abatizwe Mtoni

Saa moja asubuhi, Chepkirui anavua ndala, anakunja sketi hadi magotini na kuingia kwenye kijito kinachopita chini ya mashamba ya Kabazi, Kaunti ya Nakuru. Maji ni baridi kupita kiasi. Anageuza jiwe, analisugua kwa vidole juu ya beseni jeupe, kisha anakodoa macho.

"Hakuna," anasema, na kugeuza lingine.

Anachotafuta ni mdudu mdogo mwenye mikia mitatu anayeishi chini ya mawe. Mdudu huyo hastahimili kabisa dawa za kupulizia mimea. Zikiingia mtoni yeye ndiye wa kwanza kufa, hata kama maji bado yanang'aa. Ndiyo maana chama cha watumiaji maji humlipa Chepkirui, mwenye umri wa miaka 46, shilingi 6,000 kwa mwezi aje hapa kila Jumanne, ageuze mawe ishirini na kuandika hesabu kitabuni. Majirani humwita Mathe wa Wadudu, yaani Mama wa Wadudu, naye huitika.

Wiki iliyopita alipata tisa. Leo amemaliza mawe yote na hajapata hata mmoja.

Anaketi ukingoni, penseli mkononi.

Hatua chache kutoka alipoketi, kijito kinapanuka na kuwa kidimbwi. Hapo ndipo mama yake alipobatizwa, na hapo ndipo yeye mwenyewe alipozamishwa mwaka 1994, kanisa zima likiwa limeshuka bondeni kwa nyimbo. Baada ya ibada watu walikunywa maji hayo hayo kwa viganja.

"Mama alikuwa amesimama hapo kwa hiyo majani," anasema akionyesha ng'ambo. "Nikitoka kwa maji nilisikia ni kama nimezaliwa tena. Hiyo siku naitamani mpaka leo. Sijui kama unanielewa."

Siku hizi waumini hubatizwa kwenye tangi la plastiki lililokatwa juu, nyuma ya kanisa. Ni tangi zuri, halivuji. Lakini kutoka mlangoni hadi hapo ni hatua kumi na mbili, na wimbo haufiki hata ubeti wa pili.

Mchungaji Kosgei aliuacha mto miaka minne iliyopita, baada ya vijana kutoka majini wakijikuna ngozi. Bintiye Chepkirui wa mwisho, Abby, anabatizwa Desemba hii, na Januari anaondoka kwenda chuo Eldoret. Chepkirui alipoomba abatizwe mtoni, mchungaji alimpa sharti moja.

"Nilimwambia aniletee Jumanne nane zinafuatana, zote ziko na wadudu," anasema mchungaji. "Mimi pia nimemisi mto. Lakini siwezi weka watoto wa watu kwa dawa."

Leo ingekuwa Jumanne ya saba. Sasa hesabu inaanza upya wiki ijayo, na ya nane itaangukia siku tano tu kabla ya ubatizo. Hakuna nafasi ya kukosea tena.

Ninamuuliza: je, hakufikiria kuandika wadudu watano tu, yaishe?

"Nilifikiria," anakiri. "Nani angejua? Lakini ni Abby ataingia kwa hiyo maji."

Anaandika sufuri, kisha anapanda mteremko kutafuta dawa imetoka wapi. Hafiki mbali. Katika shamba la pili, mkulima wa viazi aitwaye Gachanja ameanika pampu yake ya mgongoni juu ya ua, safi kama sahani.

"Mama Abby, nimeosha mara tatu, vile ulitufunza," anasema kwa fahari.

"Umeoshea wapi, Mzee?"

"Si huko chini kwa mto? Mfereji imekauka tangu Ijumaa."

Chepkirui anashindwa kumgombeza, na sababu inamuuma. Zamani alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima. Afisa wa kilimo aliwafundisha kusuuza pampu mara tatu kila baada ya kupulizia, naye akapita nyumba kwa nyumba akilisisitiza somo hilo. Mahali pa kusuuzia hakupataja. Wakulima wakamtii kikamilifu: wakashuka mtoni, wakasuuza mara tatu.

"Ni mimi niliwatuma hapo," ananiambia pembeni, sauti ikiwa chini. "Kila nikipata sufuri, ni mimi."

Anamrudia Gachanja. Anamwomba kwamba siku ya kupulizia amwite, naye atamletea maji kwa mtungi hadi shambani. Pampu ioshwe papo hapo na maji yake yapuliziwe viazi vile vile.

"Utabeba maji kutoka mto mpaka huku juu?" Gachanja anauliza.

"Wiki nane tu, Mzee. Mpaka mzoee."

Mashamba yanayopakana na kijito ni kumi na moja. Kabla ya saa sita, Chepkirui amepita yote na kupata siku ya kila mmoja ya kupulizia. Mlima ni mkali na goti lake la kushoto lina maumivu, jambo analolitaja mara moja tu. Kesho anaanza na mitungi miwili.

Ninapoagana naye, ninamuuliza atafanya nini ikiwa mto utakubali.

Anatazama ng'ambo, kwenye majani. "Nitasimama pale mama yangu alisimama," anasema, "nikishika taulo ya Abby."