Neno la Mpiga Solo Wangu

Mpiga solo wangu alikuwa na neno la kuniambia, nami wiki nzima nilimkimbia. Jumatatu, kwenye mazoezi hapa Kasulu, alinisogelea akasema, "Mzee, nina neno nawe, tukae pembeni kidogo." Nikasingizia amplifaya inanuka moshi, nikatoka. Simu zake sikupokea. Jumatano akaja hadi nyumbani kupiga hodi, nikamwambia mke wangu aseme nimelala. Saa nane mchana! Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Katika kazi yetu ya muziki wa dansi, neno la pembeni nilijualo ni moja tu. Mimi mwenyewe nililisema nikiwa kijana, kwa kiongozi aliyenifundisha kushika gitaa. Asubuhi yake nikaiacha sare yangu juu ya kiti, imepigwa pasi na kukunjwa, nikahamia bendi nyingine. Ndivyo tunavyoagana: sare ni mali ya bendi, hurudi ikiwa safi, na maelezo hayahitajiki. Bendi ya yule mzee ilikufa kabla masika hayajaisha. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nilikuwa nyoka mwenyewe, na bado unyasi ulinitisha.

Huyu wangu nilimtoa kijijini Kitanga, akilima maharage na kupiga gitaa la kwaya. Miaka tisa nimekaa naye. Mimi naimba na kusalimia wageni, lakini watu wanafuata vidole vyake, najua hilo na huwa linaniuma. Akiondoka yeye, bendi imekwisha, na kwa umri wangu sitaanzisha nyingine.

Jumamosi tulikuwa na mpambano Kibondo, bendi mbili ukumbi mmoja, sisi na wenzetu wa Kigoma mjini. Alipopanda gari nikaona ana begi kubwa, la mtu anayehama. Alilipakata njia nzima, hakukubali liwekwe juu ya spika.

"Umebeba nini humo?" mpiga besi wetu, mtu mnene mwenye maneno mengi, akamuuliza.

"Mtaona," akasema, akanitazama mimi, akatabasamu.

Anatabasamu hivyo mbele yangu, bila haya?

Tulipofika, kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kumsalimia kiongozi wa bendi ile nyingine. Nilikuwa nafunga waya, lakini macho yalikuwa kwao. Walishikana mikono kwa muda mrefu, kisha wakaenda pamoja kwenye meza ya mbele walipokaa mzee mwenye kofia, mama aliyevaa kitenge kipya, na binti. Mpiga solo wangu akainama kuwasalimia kwa Kiha, kwa adabu zote. Nikasema moyoni, hao ndio wenye vyombo vya bendi ile, wamekuja kumkagua.

Akarudi haraka. "Mzee, kabla hatujapanda jukwaani, lile neno langu..."

"Baadaye!" Nilipaza sauti hadi watu wakageuka.

"Ego, mzee," akaitikia taratibu kwa Kiha.

Wimbo wa tatu ndio wenye solo ndefu. Sijawahi kumsikia akipiga vile. Watu waliacha soda zao mezani wakasimama. Kiongozi mwenzangu alikuwa akipiga makofi, yule mzee wa kofia akitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaona ninanyang'anywa mtu mchana kweupe, tena kwa gitaa langu mwenyewe. Damu ikanipanda. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikachomoa waya wake.

Gitaa likakatika katikati. Ngoma zikaendelea kidogo, zikasita. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Mwenye mabwana wawili hana kazi hapa. Shuka!" Wengine walicheka, wakidhani ni utani wa jukwaani. Yeye hakubishana. Alilivua gitaa, akaliegemeza kwa uangalifu, akashuka. Yule binti wa meza ya mbele alikuwa amefunika uso kwa viganja, analia. Hapo ndipo niliposhtuka.

Zamu yetu ilipokwisha, kiongozi mwenzangu alinifuata nyuma ya jukwaa.

"Ndugu yangu, yule binti ni mpwa wangu," akasema. "Kijana wako anakuja kuposa kesho asubuhi. Hana baba, ametuambia mshenga wake atakuwa kiongozi wake, anayemlea. Sasa shemeji yangu, yule mwenye kofia, ananiuliza, ndiye huyu aliyemfukuza mbele ya watu?"

Nilikimbilia chumba cha kubadilishia nguo. Juu ya kiti nikaikuta sare yake, imekunjwa vizuri. Chini ya sare palikuwa na koti jipya la kijivu, bado lina chaki ya fundi kwenye pindo. Nikalivaa. Lilinikaa sawasawa mabegani, na mikono ikafika pale pale inapotakiwa. Hakuna fundi aliyewahi kunipima. Miaka tisa kijana alikuwa akisimama nyuma yangu jukwaani, vipimo alivichukua kwa macho. Nikalia, mtu mzima mimi, nimesimama na koti la watu.

Nilimkuta stendi, amekaa juu ya begi lake tupu. Nilimwomba msamaha kwa sauti, mbele ya waendesha bodaboda, bila kujali nani anasikia.

Akasimama kunipa heshima yangu. "Nimekusamehe, mzee. Kutoka moyoni."

"Basi kesho twende. Nitasema nao mwenyewe."

Akatazama chini. "Kesho nitakwenda na mpiga besi. Wazee wa binti wamekataa kukuona."

Nikaanza kulivua lile koti. Akanizuia, akanifunga kifungo cha juu nilichokuwa nimekisahau.

"Kaa nalo," akasema. "Mpiga besi haliwezi kumwenea."