Mfagiaji Aliyeonywa kwa Kujua Umri wa Ulimwengu

Saa mbili na robo asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, Mama Sayari yuko juu ya ngazi. Anafuta vumbi kwenye mfano wa galaksi uliotundikwa darini, kwa kitambaa kikavu. Maji huyeyusha gundi inayoshikilia nyota.

Jina hilo amebandikwa na wanafunzi. Kwa miaka kumi na mmoja amefagia jumba hili la maonyesho ya sayansi, na muda wote huo hakuna mwingine aliyejali kisanduku cha maswali ya wageni. Aliagizwa akimwage pamoja na takataka. Yeye akasoma vikaratasi, akatafuta majibu maktabani wakati wa chakula cha mchana, akawa anayabandika ukutani kila Jumatatu.

Maswali mengi, anasema, ni yaleyale: galaksi ni nini, ziko ngapi, ulimwengu unaishia wapi.

"Hilo la mwisho nawaambia hatujui. Mtoto mmoja akanijibu, 'Shangazi, basi na wewe ni kama mwalimu wetu.'"

Mwezi wa tatu uongozi ulibandua majibu yake, ukatundika bango la rangi lenye majibu mapya. Jibu la nne linadai ulimwengu una umri wa miaka ya nuru bilioni kumi na tatu nukta nane. Kosa liko wazi. Mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja; haupimi umri.

Mama Sayari alimweleza meneja. Akaambiwa ashike ufagio wake.

Wiki mbili baadaye, darasa zima lililonakili jibu hilo lilikosa swali la mtihani, na mwalimu wao akaja kulalamika. Siku hiyo Mama Sayari alibandika masahihisho juu ya bango. Kesho yake akakabidhiwa barua ya onyo: ameingilia kazi isiyo yake. Barua ya pili itakuwa ya kumfukuza.

Aliyeandika kosa hakuonywa. Masahihisho yalibanduliwa; bango lingali pale. Alipoulizwa na gazeti hili, meneja alisema kulichapa upya ni ghali, na kwamba mgeni wa kawaida hatambui tofauti.

"Mgeni wa kawaida ndiye mimi," anasema Mama Sayari. "Nimeishia darasa la saba. Mbona nimetambua?"

Mumewe, fundi viatu, alimsihi anyamaze: mkono usioweza kuukata, ubusu.

"Nikamwambia, mume wangu, huu nimeubusu miaka kumi na mmoja. Midomo imechoka."

Alhamisi ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu kujieleza kuhusu onyo hilo. Hataomba radhi. Atabeba madaftari matatu aliyoazimwa na yule mwalimu, yenye alama nyekundu za kukosa, na ombi moja tu: jibu la nne lirekebishwe.

Na wakimfukuza?

"Nitasimama nje ya lango niwajibu watoto kabla hawajaingia. Barabara haina meneja."