Hewa Aliyopewa Hayat

Bi Mwanamkisi binti Abdulhalim bin Idarus, wa mtaa wa Mkomani. Babu yake Idarus ndiye aliyejenga wikio, chumba kilichovuka juu ya njia kutoka nyumba yake hadi ya nduguye, kisha akakivunja kwa mikono yake mwenyewe. Babake Abdulhalim alijenga dari za misikiti miwili. Bi Mwanamkisi mwenyewe alizika waume wawili, na kwa mahamri aliyowauzia abiria wa uwanja wa ndege wa Manda alinunua kiwanja hapo hapo Manda, akasimamisha nyumba ya mawe. Namjua tangu tulipokaa dawati moja, na hadi leo hakubali kwamba nilimpita kwa hesabu.

Kwetu Amu, mjini Lamu, nyumba haiishii darini. Mzazi humwambia bintiye, "Nimekupa hewa," na ile nafasi iliyo juu ya dari huwa yake, ajenge akiolewa. Watu huirithi, huiuza, huigombea mbele ya kadhi. Kwa hiyo Hayat, kitinda mimba wake, alipoposwa na Husni, Bi Mwanamkisi alimpa hewa ya nyumba ya Manda mbele ya watu. Nilikuwapo. Mafundi wakaanza kupandisha nguzo.

Ndipo akaja Nerea, afisa kijana wa uwanja, akasema kazi isimame.

"Ardhi ni yako, Mama. Anga si lako."

"Ni lako wewe?"

"Wala si langu. Mataifa yamekubaliana kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya anga lake. Ndege ya kigeni haiingii bila ruhusa yetu. Na karibu na uwanja sheria huweka kimo cha majengo, kwa sababu hapa ndipo ndege zinaposhukia. Ungeomba kibali kwanza."

"Ndege yapita yuu ya dari yangu kila asubuhi, haijabisha hodi hata mara moja."

Nerea akacheka kidogo. "Hilo nalo limo. Ikipita kwa kimo kinachofaa, mwenye nyumba hawezi kuizuia."

"Basi ndege ina haki, mwanangu hana."

Hakumwogopa afisa. Aliogopa neno lake mwenyewe, alilolitoa mbele ya watu. Mama akitoa hewa kisha akairudisha, binti huingia ndoani bila sakafu ya kusimamia, na wakwe hawasahau. Harusi ilikuwa karibu.

Nerea alipoondoka tuliketi juu ya mawe ya ujenzi. Ikaja ndege ndogo ya madaktari, kumchukua mgonjwa aliyeletwa kwa boti kutoka Kiunga. Ilishuka chini sana, kivuli chake kikapita juu ya nguzo za Hayat. Iliposimama, mwenzangu akaniuliza:

"Wakumbuka kwa nini babu alivunja wikio?"

Nakumbuka, kila mtoto wa mtaa wetu alisimuliwa. Jeneza lilipitishwa pale likagusa boriti, wabebaji wakainama, na maiti akainamishwa pamoja nao. Idarus akasema ndia ya jeneza haina mwenyewe. Aliporudi kutoka makaburini alishika mtaimbo.

"Naye alipisha maiti," akasema Bi Mwanamkisi. "Huyu aliyefuatwa na ndege ni hai bado."

Sheria hakuipenda, na hajaipenda. Lakini nguzo zilikatwa, na Hayat akapewa ua wa nyuma, pale mamake alipokuwa akichoma mahamri, ajenge vyumba vya chini. Mamake Husni alipokuja kutazama, akauliza kwa sauti ya kusikika, "Hewa imegeuka ua?"

"Ua una kivuli, Bi. Hewa ina ndege," akajibu Bi Mwanamkisi.

Kivuli hicho ni cha mwarobaini alioupanda mwenyewe, nao ulikuwa umeanza kupita dari. Siku ya kukabidhi ufunguo alimtilia Hayat msumeno mkononi.

"Mti huu hauombi kibali. Kila mwaka kabla ya mvua, ukate kitwa usipite paa. Mimi sipandi ngazi tena."

Hayat aliupima msumeno kwa kidole, akauliza ngazi imewekwa wapi.